Hesabu Kwenye Ukungu

Saa kumi na moja alfajiri, Nyawera.
Mvua ya Novemba haijaamua kama inaanza au inaisha.
Nawasha gari. Linakohoa mara mbili, linakubali,
na vioo vyote, kwa ndani, vimefumba macho.

Ukifuta kwa kiganja unapaka jasho lako tu:
taa ya lori linaloshuka inazaa taa mia, kila moja na miiba yake.
Ukishusha dirisha upana wa vidole viwili
ukungu unatoka, mvua inaingia, inakaa begani.
"Shofa, nimelipa taksi, sikulipa mto."

Kipasha joto kilikufa zamani, huko Japani labda,
usukani bado uko kulia kama mgeni asiyetaka kuhama.
Fundi Murhula ana dawa kwa kila siku ya juma.
Kiazi: kata kati, sugua kioo, acha kikauke.
Kilikauka. Gari zima likanuka jiko la mama mkwe.
Tumbaku iliyolowekwa. Sabuni ya kipande na gazeti kuukuu.
Makala ndani ya soksi, chini ya kiti,
eti yanakunywa unyevu.
Mwishowe akainua zulia, akalikamua pembeni,
maji yakachuruzika kama kwenye nguo za mtoto.
"Hii," akasema, "ni mvua ya mwaka jana.
Umekuwa ukiibeba bila nauli."

Siku hiyo hiyo nilimpakia Cibalonza kule Muhanzi,
yeye na beseni lake tupu linalonuka sambaza.
Hakusema neno hadi Kadutu.
Nilisikia kidole tu, kikilia juu ya kioo cha nyuma,
kiii, kiii, kama panya mwenye adabu.
Alishuka Panzi. Akalipa bila kuomba punguzo.

Kesho yake vioo vikapumua tena,
na hesabu yake ikarudi.
Niliiona kwanza kwenye kioo cha juu, tarakimu zimegeuka migongo.
Nikageuka na mimi:

    46 000
    mtaji 30
    gari 3
    kodi 1
    inabaki 10

Ndiyo hivyo kidole: kinaacha mafuta kidogo,
jua likitoka huoni kitu,
pumzi ikija, kila kitu kinasimama palepale kilipoandikwa.

Mimi si mtu wa shule ndefu, ila nauli nazijua.
Nikahesabu kwenye foleni. Nikahesabu tena mbele ya kanisa.
Arobaini na sita, toa thelathini, toa tatu, toa moja.
Kumi na mbili.
Mama wa watu amejipunja elfu mbili!
Nikaandika 12 pembeni, kwa kidole changu kinene,
na tangu hapo kile kioo sikukigusa.
Murhula alikuja na kiazi chake, nikamfukuza.
Juma zima nilipita Muhanzi nikitafuta beseni lenye ufa,
nikiogopa jambo la kijinga:
jua.

Siku ya tisa akapanda. Mvua. Vioo vyeupe.
"Mama," nikasema, "ile hesabu yako.
Zinabaki kumi na mbili."
Alisoma kimya. Kioo cha juu kilinionyesha mdomo wake tu,
ukijizuia, ukishindwa.
"Wewe mtoto wa nani?
Naandika jinsi nitakavyosema nyumbani.
Ni mazoezi."

Sikupata jibu. Wipa nazo hazikuwa na la kusema,
kushoto, kulia, kushoto.

Pale Feu Rouge akafunua ncha ya kitenge,
akaifuta ile kumi na mbili yangu, taratibu,
kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.
Kumi akaiacha.

Na pale palipokuwa na kosa langu
pakabaki tundu safi la ukubwa wa yai.
Ziwa lilikuwa ndani yake.